Maji Niliyomwotea Tahani

Bujumbura, Jumatatu 1 Februari 1999

Naanza kuandika kwa amri ya Médiatrice. Huyu ni muuguzi wa zahanati, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Alikimbia kutoka mtaa wa Carama baada ya nyumba yake kuchomwa. Anasema anayetaka kuota aweke karatasi karibu na kichwa, na kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki na kabla ya kusema na mtu, aandike alichokiona. "Ndoto iko kama mugeni," aliniambia. "Ikiona hamuingojei, inapita."

Leo sikuona kitu. Nimeandika.

Jumanne 2 Februari

Sikuona kitu.

Jumatano 3 Februari

Afadhali nieleze, la sivyo siku moja nitasoma kurasa hizi nijione mwendawazimu.

Baada ya Idd, Atumani alileta wazee wake kumposa Tahani. Atumani ni déclarant pale bandarini, yaani mtu wa kuhangaika na makaratasi ya forodha mpaka mzigo utoke. Ni kijana wa mtaa wa Buyenzi, anaswali, hana maneno mengi. Vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani vimeondolewa mwezi uliopita, meli za mizigo zimeanza tena safari za Kigoma, na tajiri wake anafungua ofisi huko. Anataka kuoa na kuondoka na mkewe msimu huu huu wa mvua.

Tahani ni binti wa kaka yangu Salem. Mama yake alikufa yeye akiwa hata kutembea hajajua. Mimi nilikuwa nimeachika karibuni, nimerudi na sanduku moja na aibu zangu, basi nikapewa mtoto nimlee. Sikuzaa wangu. Sasa tuko watatu tu hapa Quartier Asiatique, juu ya duka letu la vitenge na masufuria: kaka, Tahani na mimi.

Kaka Salem hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Mahfudha atasali istikhara." Wazee wa Buyenzi wakainamisha vichwa kwa heshima, maana sifa yangu inajulikana. Ndivyo tulivyozoea sisi: jambo likiwa zito, mtu anaswali rakaa mbili usiku, anasoma dua ya kuomba aonyeshwe lenye kheri, analalia ubavu wa kulia, na jibu linakuja ndotoni. Katika ukoo wetu mtu huyo ni mimi. Nilipokuwa mtoto niliota ghala la baba limejaa kuku weupe wanaosoma gazeti. Wiki hiyo hiyo paa likavuja na unga wote ukaharibika. Watu wakasema weupe wa kuku ndio unga wenyewe, nami nikawa mwotaji wa ukoo. Anayesafiri, anayenunua kiwanja, anayeoa, wote wanapitia kwangu.

Wasichokijua ni kwamba tangu vita ianze sijaota hata mara moja. Mizinga ikianza milimani, watu wanashuka vitandani na kulala sakafuni. Mimi Tahani ananiburuta nikiwa bado nakoroma. Médiatrice anapiga kelele usingizini mpaka tunamsikia huku juu. Mji mzima unaota jinamizi na mimi nalala kama gunia la chumvi. Naona haya kulala vizuri namna hii. Na walioniletea istikhara zao miaka hii yote niliwaambia nimeona kheri, kwa sababu kheri haimdhuru mtu.

Ijumaa 5 Februari

Nimeoga, nimetawadha, nimebadilisha mashuka, nimechoma udi. Sikuona kitu.

Jumanne 9 Februari

Médiatrice anasema tumbo zito linaleta ndoto. Jana nilikula pilau na mafuta ya mbuzi kabla tu ya kulala, kaka akiniangalia kwa macho ya mtu anayehesabu nyama. Nilichopata ni kiungulia.

Jumapili 14 Februari

Mbinu nyingine: kuamka kabla ya alfajiri, kukaa kidogo, kuswali, kisha kurudi kulala. Usingizi wa pili ndio wenye picha, anasema. Nimefanya, na kweli nimeona kitu! Rangi ya bluu, kubwa, inatikisika. Nikakimbia uani kumwambia.

"Bluu namna gani?" akauliza.

"Bluu yenye vitundu vitundu."

"Dada Mahfudha, iyo ni chandarua yako."

Tulicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Kisha akasema, "Vraiment, kweli kabisa, kama ingewezekana ningekupa zangu zote bure. Kila usiku niko Carama." Nikaona haya. Nilikuwa namsumbua mtu mwenye njaa ili anifundishe kutafuta hamu ya kula.

Jumatatu 15 Februari

Sikuona kitu. Mvua.

Ijumaa 19 Februari

Nimekuwa mgonjwa, na kosa ni langu. Médiatrice alitaja siku moja kwamba vidonge vya malaria vinamletea ndoto kama sinema. Hakuniambia nivimeze, nilivichukua mwenyewe kwenye kabati la kaka. Sikuota. Niliwashwa mwili mzima, hadi nyayo, na masikio yakavuma kama jenereta. Médiatrice alinigombeza kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili kwa mpigo.

Tahani alinikanda kwa maji baridi. Alidhani nina malaria kweli. Ili kunituliza akawa ananisimulia Kigoma: Atumani ameona nyumba yenye vyumba viwili, kuna mwembe, usiku hakuna mizinga, mtu anaweza kutembea baada ya magharibi bila kuogopa couvre-feu, ile marufuku ya kutoka usiku.

"Na we utakuya kututembelea, shangazi," akasema.

Kututembelea. Nilimfundisha mtoto huyu kusuka nywele, kufunga, kusoma Yasin. Nimelala naye sakafuni risasi zikipita. Sasa niende kwake kama mgeni, na zawadi mkononi. Niligeukia ukutani, nikasema nataka kulala.

Ijumaa 26 Februari

Nimefanya jambo baya. Naliandika lilivyokuwa.

Mjomba wa Atumani alikuwa aje leo baada ya swala ya Ijumaa kuchukua jibu. Asubuhi tulikuwa mezani, chai na mandazi. Kaka Salem alikunja leso yake, akasema, "Haya Mahfudha. Umeona nini?" Tahani alikuwa amesimama na chupa ya chai. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu alijua shangazi yake huona kheri siku zote.

Nilikusudia kusema kheri. Wallahi nilikusudia. Nilifungua mdomo, nikasikia sauti yangu inasema, "Nimeona maji."

Kaka akainua kichwa.

"Maji yalikuwa yanapanda ngazi ya nyumba," nikasema, "mazito kama uji. Masufuria yetu yote ya dukani yalikuwa yanaelea, na chini ya kila sufuria moto unawaka ndani ya maji na hauzimiki. Tahani alikuwa katikati, na nguo ya harusi. Akaanza kuita. Lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa, na sauti yake ilitoka kwa mbuzi aliyekuwa amesimama juu ya kabati."

Nikisema nilimhurumia nitakuwa nasema uongo mwingine. Nilipofika kwenye mbuzi nilijiona fundi. Miaka yote hii sijaona hata kuku mmoja, na ghafla haya yote yanamiminika mchana kweupe, na wao wananitazama kama walivyonitazama zamani. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

"Astaghfirullah," kaka akasema.

Tahani alikuwa ameacha kutabasamu. "Nilikuwa naita nani, shangazi?"

"Mimi," nikamjibu.

Mjomba alipokuja, kaka alimpokea kwa heshima, akampa kahawa na tende, akamwambia istikhara haikutoka vizuri. Mzee hakubisha, kwa jambo hilo hakuna anayebisha. Akavaa viatu, akaenda.

Jumamosi 27 Februari

Sikuona kitu.

Jumapili 28 Februari

Sikuona kitu. Nimesali istikhara tena, ya kweli, nikiomba ije ndoto yenye maji ili niwe sijasema uongo. Ni dua ya namna gani hiyo? Nimeifuta kwa toba na leo jioni huenda nitairudia.

Jumamosi 6 Machi

Mvua imejaza mfereji wa mbele ya duka. Atumani alikuja peke yake, kaka akiwa bandarini. Nilijiandaa kwa ugomvi. Aliniamkia, akauliza bei ya sufuria ambayo hakuihitaji, kisha akasema kwa taratibu, "Shangazi, samahani. Mule ndani ya ndoto, mi nilikuwako?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Katika ile fahari yangu yote nilimsahau bwana harusi.

"Hukuwako," nikasema.

"Nilikuwa wapi?"

"Sijui, mwanangu."

Akanitazama kidogo tu, bila ubaya. Akasema naye amesali. Hakuona chochote, ila moyo wake umetulia. Akanunua sufuria, akaondoka nayo kwenye mvua. Nilikuwa nimemchukia kijana huyu tangu Idd kama mwizi aliyeingia mlangoni kwangu. Leo sikuweza tena.

Jumatano 10 Machi

Leo asubuhi Tahani alikuja chumbani kwangu kabla sijashika kalamu. Uso umemvimba.

"Shangazi, mi niliyaona," akasema. "Yale mayi."

"Maji gani?"

"Yale yako. Ya kwenye ngazi. Iko moto ndani, sawa vile ulisema."

Nikamwambia ni mawazo tu, atakuwa amekula vibaya. Alitikisa kichwa. Akanieleza ndoto yangu mwanzo hadi mwisho, na kwake ilikuwa na harufu. Mimi sikuweka harufu.

Alhamisi 11 Machi

Ameota tena.

Ijumaa 12 Machi

Tena.

Jumatatu 15 Machi

Hataki kulala. Anakaa kitandani na taa ya mafuta, anasoma sura anazozijua, na kichwa kikianguka anajifinya mkono. Mkono una alama. Nilimpeleka kwa Médiatrice. Médiatrice alimpima joto, akamtuma jikoni, kisha akanigeukia.

"Dada, mi nilikufundisha njia zote za kuleta ndoto. Moja sikukuambia kwa sababu sikufikiri kuna mutu angeifanya: unamusimulia mutoto kitu cha kuogopesha, mutoto anayekuamini. Iyo haikosi."

Sikujua anajua kiasi gani. Nilisema ndoto ilikuwa ya istikhara. "Ndiyo," akasema, "nilisikia." Na akaanza kukunja bandeji zake.

Jumapili 21 Machi

Kila siku anaongeza. Leo amesema mbuzi ana vidole. Vitenge vya dukani vimefunguka, vinatembea juu ya maji kwa foleni, kila kimoja kinamuuliza jina lake na yeye hajui kulijibu. Mimi, niliyemeza vidonge ili nione hata nusu ya haya, nakaa namsikiliza, na kuna sehemu ndani yangu, nichomwe moto, inayomwonea wivu.

Kisha akasema, "Na we unakuwako, shangazi. Unaikala juu ya paa. Unakula mandazi. Mi nakuita, na we uko mukavu kabisa."

Niliuliza kama nafanya chochote.

"Apana. Unaniangalia tu."

Jumapili 28 Machi

Idd kubwa. Tumechinja. Tahani hakutoka chumbani kwa sababu ya sauti ya mbuzi uani.

Ijumaa 2 Aprili

Nilimfuata Maalim Hamimu, anayefundisha watoto Kurani huko Buyenzi. Nilijifanya naulizia mtu mwingine: je, aliyesali istikhara na asiote kitu, anafanya nini?

"Anafanya jambo lake," akasema.

"Bila ndoto?"

"Nani alikwambia ndoto ni sharti, mama? Mtume alifundisha swala na dua. Ukishaomba unashauriana na watu, unashika njia. Likiwa na kheri Mungu analirahisisha, likiwa na shari analiondoa. Ndoto ikija, na ije. Hawa watu wetu wameigeuza swala kuwa televisheni."

Nikamshukuru. Nilirudi kwa miguu, mvua ikininyeshea. Sikuhitaji kuona kitu. Ningeweza kusema siku ya kwanza kabisa, "Kaka, nimesali, sijaona, kijana ni mwema, mpe," na ingekuwa istikhara sahihi kuliko zote nilizowahi kusali. Sikutunga uongo kwa sababu nilikosa ndoto. Niliutunga kwa sababu sikutaka aende.

Jumapili 4 Aprili

Nimemwambia kaka. Nilimngojea amalize hesabu za duka, nikafunga mlango.

"Ile ndoto ya Tahani sikuiota. Niliitunga."

Alinitazama juu ya miwani. "Unamuonea mutoto huruma, njo maana unasema ivi."

"Nasema kwa sababu ni kweli. Sijaota tangu vita ianze."

"Mahfudha. Mutu akitunga, anatunga vitu vya kawaida. Nyoka, kaburi, meno kuanguka. Mbuzi juu ya kabati na sauti ya mutoto wangu? Moto ndani ya mayi? Iyo haitungwi. Iyo inaletwa."

Nilimwapia. Akaniambia nisiape, ni dhambi. Kisha akasema, polepole, akipanga noti, kwamba hata hivyo si vibaya, kijana hana duka, hana ukoo tunaoujua, na Kigoma ni mbali. Nilimwona kaka yangu kwa mara ya kwanza. Nilidhani aliniachia mimi uamuzi kwa uadilifu. Kumbe alikuwa na jibu lake mfukoni tangu mwanzo, akahitaji mtu wa kumsemea, na mimi nikamsemea vizuri kuliko alivyotegemea.

Jumatano 7 Aprili

Nimemwambia Tahani. Nilimkalisha kitandani kwangu, nikamshika mikono yote miwili, nikasema yote: nilitaka abaki, niliogopa kubaki peke yangu, nikatunga maji, nikatunga moto, nikatunga mbuzi. Nikamwomba radhi. Sijawahi kumwomba mtu radhi nikiwa nimepiga magoti, naye ni mtoto niliyemwosha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanifuta machozi kwa mtandio wake.

"Shangazi, unateseka kwa ajili yangu. Lakini mi nayaona. Si mara moja. Unataka kuniambia macho yangu yanadanganya?"

"Unayaona kwa sababu nilikusimulia!"

"Hukunisimulia vidole vya mbuzi," akasema. "Hukunisimulia vile vitenge. Iyo ilitoka wapi?"

Nilisema imetoka kwako, mwanangu, imetoka kwenye hofu niliyokutia. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayesema hana homa.

Ijumaa 16 Aprili

Atumani amekuja kuaga. Meli yake ni Jumatatu. Kaka alimkaribisha sebuleni, Tahani akaketi karibu na mlango, kichwa amefunika, mikono ndani ya mtandio kuficha alama. Amekonda mpaka nguo zinamning'inia.

Atumani alisema hakuja kulazimisha. Alisema tu kwamba nafasi ya pili kwenye meli bado haijachukuliwa, na ndoa inaweza kusomwa kesho, watu wachache, bila sherehe.

Nikasimama. "Hakuna ndoto," nikasema mbele yao wote. "Mimi Mahfudha nimesema uongo katika swala. Kijana hana kosa. Mpeni mke wake."

"Kaa chini," kaka akasema. "Ni mugonjwa," akamwambia Atumani. "Tangu ile homa ya Februari."

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani. Sote tukamgeukia Tahani, na niliona anamtaka yule kijana. Ingebidi uwe kipofu usione.

"Mi siwezi kupanda kwenye mayi," akasema. "Unisamehe, Atumani. Nikifumba tu macho yananifika hapa." Akajishika shingoni. Akainuka, akaingia ndani.

Nilimsindikiza Atumani mpaka chini ya ngazi. Alikuwa anafunga kamba za viatu, muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji.

"Mi nakuamini, shangazi," akasema bila kuinua kichwa. "Tangu ile siku ya sufuria nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Yeye? Kwamba shangazi aliyemulea ni muongo? Angenichukia mi, si we."

Aliniaga kwa adabu ile ile ya siku ya kwanza. Ningependa anitukane.

Jumatatu 19 Aprili

Meli imeondoka. Sikwenda kuangalia.

Alhamisi 22 Aprili

Médiatrice anatafuta chumba Kinanira. Nilimuuliza kama ni kwa sababu yangu. Akasema ni karibu na dada yake. Hakuniangalia.

Ijumaa 30 Aprili

Bi Mwantum, jirani wa duka la pili, alikuja na swali la mwanawe anayetaka kwenda Dar es Salaam. Nikajiandaa kumwambia siku hizi sisali tena istikhara ya mtu. Hakunitaka mimi. "Nasikia binti yenu ndiye anaona sasa," akasema. Kaka akamwita Tahani.

Jumatatu 3 Mei

Mvua zinapungua. Tahani amehamishia godoro lake chumbani kwangu, kitanda changu na godoro lake vimegusana. Amegundua kwamba akinishika mkono kabla ya kulala, maji yanaishia magotini. Basi ananishika kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, na mimi nakaa nimelala chali, nisimshike wala nisimwondoe.

Leo kwenye chai alimwambia baba yake asihangaike na wachumba wengine. Hataolewa, haendi popote, atakaa na shangazi yake. Kaka alifurahi, akampa baraka. Kisha Tahani akanibusu mkono mezani, mbele ya mandazi, akasema, "Bila we, shangazi, mi ningekuwa nimekufa."

Nikamwambia anywe chai yake, itapoa.